Nyegina, Mwitongo na Muhunda



Wapendwa waamini, sisi tunaoishi kando ya ziwa hapa Murangi twaweza kuhiji bila kuvuka mipaka ya mkoa wetu wa Mara.

Tuanzie Nyegina, jirani na mji wa Musoma, misheni ya Mapadre Weupe iliyoanza mwaka 1911. Hapo, tarehe 23 Desemba 1943, kijana wa Kizanaki aliyekuwa akisoma Makerere alibatizwa na kupewa jina la Julius. Kisha tuelekee Butiama, kwenye kilima cha Mwitongo, alikozikwa Mwalimu tarehe 23 Oktoba 1999. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumwombea atangazwe mwenye heri; leo aitwa Mtumishi wa Mungu.

Lakini tusigeuke kurudi kabla ya kuutazama msitu wa Muhunda, papo hapo Butiama. Wazee wa Kizanaki waliuhesabu kuwa mahali patakatifu, wakakataza usikatwe ovyo. Ndiyo maana ungali umesimama. Hapo dhamiri yatuchoma. Wao, kabla ya kuisikia Injili, walizuia shoka kwa uchaji. Sisi tunaokiri kila Dominika kwamba Mungu ni Muumba wa mbingu na dunia, tumeviacha vilima vingapi uchi kwa ajili ya kuni na mkaa?

Basi, tusirudi na picha tu. Kila familia inayobatiza mtoto mwaka huu ipande mti na kuutunza, vikue pamoja, imani na kivuli.

Mungu awabariki.