Kutoka Bagalu hadi Saboso

Kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, Bariadi ilikuwa wilaya ya Shinyanga. Starehe ilifuata mavuno. Makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yalishindana: Bagika walicheza upande huu, Bagalu upande ule, kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, akivuta watazamaji kwa nyimbo na dawa zake, na aliyejaza watu ndiye mshindi.

Kisha likaja gitaa la umeme. Majirani wa Tabora walikuwa na bendi ya Kiko Kids ya Salum Zahoro tangu miaka ya 1950. Mwaka 1959 Iddi Nhende wa Nzega akaanzisha bendi ya Western Jazz jijini Dar es Salaam, akiipa jina la Jimbo la Magharibi alikotoka. Mtindo wa bendi hiyo, saboso, ulisambaa nchi nzima kupitia redio. Baadaye Tabora Jazz ikaja na mtindo wake, segere matata, na sauti ya Shem Karenga.

Kwa watu waliolelewa na Bagika na Bagalu, ushindani huu wa mitindo ya bendi haukuwa jambo geni hata kidogo. Ilikuwa kana kwamba bendi zimeurithi na kuuongezea umeme.

Mwenye santuri za enzi hizo azitunze, na wazee wa Bariadi waulizwe sasa, wangali wanakumbuka.