Dau la Sekenke

Mwaka 1916, huku vita vikiwazidi, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora. Upande mmoja walichora tembo mwenye mlima nyuma yake. Zilitoka sarafu 16,198, ambazo wakusanyaji wa leo huzigombania minadani. Dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke, wilayani Iramba mkoani Singida, mgodi uliokuwa ukizalisha tangu 1909.

Sarafu ile ina jina la koloni na tai wa Ujerumani. Aliyeshuka shimoni hana alama yake pale. Tangu 1905 serikali ya Kijerumani ilidai kodi ya rupia 3 kwa mwanamume, tena kwa fedha taslimu, na kwa wengi njia ya kuipata fedha hiyo ilikuwa kibarua. Mwenyeji alitoa ardhi na nguvu zake, lakini katika hesabu za mgodi hakuwa zaidi ya kibarua.

Kiswahili kingemwita mdau. Neno hilo limezaliwa na dau, kile mtu anachokiweka mezani akijua kinaweza kupotea. Kwa maana hiyo hakuna anayepewa udau kwa hisani, kwa kuwa dau lake limekwishawekwa.

Wachimbaji wadogo wanalijua hili bila kufundishwa. Mawe yakitoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, hugawanywa kwa mifuko: mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, na waliochimba lao. Watagombana juu ya idadi ya mifuko, lakini waliochimba hawaachwi nje ya mgawo.

Kampuni kubwa zilihitaji kusukumwa na sheria. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliilazimu kila kampuni ya uchimbaji kuandaa mpango wa mwaka wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya eneo husika. Kanuni za mwaka 2018 zikaongeza sharti la kutoa ajira na zabuni kwa Watanzania kwanza. Tangu hapo shule au zahanati ya kijijini ikawa jambo la makubaliano. Zamani ilikuwa zawadi ya meneja mwenye moyo.

Singida imepata nafasi ya kulipima hilo upya. Mwaka 2023 mgodi wa kampuni ya Shanta ulioko Mang'onyi, wilayani Ikungi, ulitoa dhahabu yake ya kwanza. Ila halmashauri si kijiji. Mpango uliosainiwa wilayani hautakuwa na sauti ya mkulima wa alizeti aliyehamishwa shambani, wala ya mama anayechota maji jirani na mgodi, iwapo haukuanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako hesabu husomwa hadharani na maswali hujibiwa papo hapo.

Dhahabu ya Sekenke iliondoka na tembo mgongoni. Ya Mang'onyi inaondoka sasa, na waliotoa ardhi yao bado wako hai kuulizwa.