Pointi za Uanachama na Hoteli ya Mjini: Mfanyabiashara Achague Vipi Dubai

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaokwenda Dubai kununua bidhaa hulala mjini humo siku nne, tano au zaidi kila safari. Wengi wao sasa ni wanachama wa mipango ya wateja wa kudumu inayoendeshwa na makampuni makubwa ya hoteli. Uanachama huo ni wa bure, na kila usiku unaolipiwa huingiza pointi ambazo baadaye hugeuzwa kuwa malazi au punguzo la bei.

Tatizo huanza pale pointi zinapomchagulia mtu hoteli. Fedha ya malazi inatoka katika mfuko ule ule wa mtaji wa kununulia bidhaa, na hoteli iliyochaguliwa vibaya hupunguza katoni kadhaa katika mzigo wa kurudi nao nyumbani. Makala haya yanaeleza jinsi mipango hiyo inavyofanya kazi na jinsi ya kuipigia hesabu kabla ya kulipa.

Mipango yenyewe

Mipango ya hoteli ilifuata nyayo za mashirika ya ndege. American Airlines ya Marekani ilianzisha mpango wake mwaka 1981, na Holiday Inn na Marriott zikafuata kwa upande wa hoteli mwaka 1983. Leo mipango mikubwa ni Marriott Bonvoy, Hilton Honors, IHG One Rewards, World of Hyatt na ALL ya kampuni ya Accor kutoka Ufaransa.

Kwa mwanachama wa daraja la chini, Marriott, Hilton na IHG hutoa pointi 10 kwa kila dola moja ya Marekani katika hoteli zao nyingi. Hyatt hutoa pointi 5 kwa dola. Hii haina maana kwamba Hyatt ni bahili, kwani pointi za kampuni moja hazilingani thamani na za nyingine. Ni kama shilingi ya Kenya na shilingi ya Tanzania: jina moja, thamani mbili.

Accor ndiyo iliyo rahisi zaidi kupigiwa hesabu. Mwanachama mpya anayelala Novotel hupata pointi 25 kwa kila euro 10, na pointi 2,000 ni punguzo la euro 40. Kwa hiyo aliyetumia euro 1,000 hurudishiwa thamani ya euro 50, sawa na asilimia 5. Katika hoteli za ibis pointi ni nusu ya hizo.

Kwanza mahali, halafu kampuni

Jambo la kwanza ni kujua mzigo unanunuliwa wapi. Anayefuata dhahabu, viungo, nguo na manukato atakuwa Deira, katika mitaa ya Al Ras, Naif na Baniyas Square. Anayefuata samani, taa, vigae na vifaa vya ujenzi atashinda Dragon Mart, iliyo nje ya katikati ya mji kwenye barabara ya kwenda Hatta, ambako metro haijafika. Hoteli iliyo bora kwa mmoja inaweza kuwa mbali kwa mwingine.

Deira ina vituo vya metro vya Al Ras, Baniyas Square na Union. Njia Nyekundu, iliyofunguliwa mwaka 2009, na Njia ya Kijani, iliyofunguliwa mwaka 2011, hukutana Union. Njia Nyekundu hufika uwanja wa ndege kwenye Terminal 1 na 3. Terminal 2, inayotumiwa na safari nyingi za flydubai, haina kituo cha metro. Isitoshe, abiria wa metro anaruhusiwa begi moja kubwa na moja dogo tu. Mwenye katoni itambidi apande teksi, na nauli hiyo iingizwe katika hesabu ya hoteli.

Hesabu ya mfano

Chukua mfanyabiashara anayelala Deira usiku tano. Hoteli ya nyota nne, ya kampuni ambayo yeye ni mwanachama, inataka dirhamu 420 kwa usiku kabla ya kodi. Hoteli ya nyota tatu isiyo na mpango wowote, iliyo karibu zaidi na maduka anayoyaendea, inataka dirhamu 260. Bei hizi ni za mfano tu, lakini njia ya kupiga hesabu ni ile ile kwa bei yoyote.

Kwa usiku tano, hoteli ya nyota nne itakula dirhamu 2,100, yaani takriban dola 572, kwa kuwa dirhamu imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.6725. Kwa pointi 10 kwa dola, mwanachama ataingiza pointi 5,720. Ikiwa hoteli hiyo hiyo inataka pointi 20,000 kwa usiku mmoja wa bure, pointi alizopata hazifiki theluthi ya usiku. Thamani yake ni kama dirhamu 120.

Sasa aangalie upande wa pili. Tofauti ya bei kati ya hoteli hizo mbili ni dirhamu 160 kwa usiku, au 800 kwa usiku tano. Ametoa 800 ili apate 120. Hapo pointi hazijamsaidia kitu, na mahali pia amepakosa.

Hesabu hubadilika pale tofauti ya bei inapokuwa ndogo. Kama hoteli ya kampuni ingekuwa dirhamu 300, tofauti ingekuwa 200 kwa safari nzima. Ongeza kifungua kinywa kama kimo ndani ya bei, na pointi zake, na huenda ikawa nafuu kuliko ile ya dirhamu 260. Kanuni ni hii: pointi huamua pale hoteli mbili zinapokaribiana kwa bei na kwa mahali. Zikiachana mbali, bei na mahali ndivyo viamue.

Kodi na ada

Bei inayoonekana kwanza mara nyingi siyo ya mwisho. Kwa kawaida hoteli za Dubai huongeza asilimia 10 ya huduma na asilimia 7 ya manispaa. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 ilianza Januari 1, 2018. Tangu 2014 ipo pia ada iitwayo Tourism Dirham, inayotozwa kwa chumba kwa usiku: dirhamu 20 kwa hoteli ya nyota tano, 15 kwa nyota nne, 10 kwa nyota tatu au mbili, na 7 kwa nyota moja.

Kwa hiyo chumba cha dirhamu 420 hufika karibu dirhamu 530, na pointi kwa kawaida huhesabiwa juu ya bei ya chumba bila kodi. Tofauti ya 800 katika mfano wa juu nayo hupanda hadi takriban 1,000, yaani kama dola 272. Ulinganisho ufanywe kwa bei zenye kodi zote, kwa sababu hoteli moja huweza kuonyesha bei kamili na nyingine bei tupu.

Mwenye kutumia pointi naye asidhani atalala bila kutoa senti. Kwa kawaida Tourism Dirham hulipwa mapokezi hata kama usiku wenyewe umelipiwa kwa pointi. Vilevile hoteli nyingi huzuia amana mgeni anapoingia, taslimu au kwenye kadi. Amana iliyozuiwa kwenye kadi ya benki huweza kuchukua siku kadhaa kurudi, na mtu aliyetegemea fedha hiyo kumaliza ununuzi atakwama. Ni vyema kuuliza kiasi cha amana kabla ya kusafiri.

Nafasi iwekwe wapi

Hapa ndipo wanachama wengi hupoteza haki yao. Kwa kawaida, chumba kilichowekwa kupitia tovuti za mawakala wa mtandaoni kama Booking.com, Agoda au Expedia hakiingizi pointi wala usiku wa kupandia daraja. Ni hivyo hivyo kwa vifurushi vya mawakala wa usafiri vinavyounganisha tiketi, viza na hoteli, ambavyo wafanyabiashara wengi wa ukanda huu huvitumia. Ili pointi ziingie, nafasi iwekwe kwa kampuni yenyewe, kwenye tovuti yake, kwa simu au hotelini.

Hata hivyo kifurushi cha wakala huweza kuwa na bei ya chini kuliko ya kampuni. Katika hali hiyo punguzo la leo lina nguvu kuliko pointi za kesho. La muhimu ni mtu ajue anachokiacha, asije akafika mapokezi na kadi ya uanachama akidai pointi ambazo bei yake haina.

Jina la uanachama lifanane na la pasipoti. Mwenye majina matatu anayeandikwa mawili huku na matatu kule huweza kujikuta na akaunti mbili zenye pointi nusu nusu. Risiti ya hoteli itunzwe hadi pointi zionekane, kwa kuwa ndiyo ushahidi wa kudai zisipoingia.

Wanaosafiri kwa kikundi wazingatie pia kwamba makampuni huweka kikomo cha vyumba. Marriott humpa mwanachama pointi za vyumba hadi vitatu, mradi avilipie na yeye mwenyewe alale katika kimojawapo. Ni bora wenzake wakubaliane mapema nani anachukua pointi na wengine wanafidiwa vipi.

Daraja na mtego wake

Juu ya pointi kuna madaraja. Kwa Marriott, usiku 10 kwa mwaka humpa mtu daraja la Silver, usiku 25 Gold, na usiku 50 Platinum. Faida inayomfaa zaidi mfanyabiashara ni kuchelewa kutoka chumbani: Gold huweza kukaa hadi saa nane mchana na Platinum hadi saa kumi jioni, kama vyumba vipo. Kwa anayepanda ndege ya usiku, saa hizo ni za kufunga mizigo na kuoga bila kulipia usiku mwingine.

Mtego uko hapa. Mwenye safari nne za usiku tano kwa mwaka hupata usiku 20. Amepita Silver na hajafika Gold. Atashawishika kuongeza usiku tano asiouhitaji ili ajaze 25. Kwa bei ya mfano wa juu, usiku huo na kodi zake unapita dirhamu 2,600. Faida ya saa chache za kuchelewa hailingani na fedha hiyo, na hoteli nyingi hutunza mizigo ya mgeni baada ya kutoka chumbani bila kudai daraja lolote.

Pointi nazo hufa. Accor huzifuta mwanachama akikaa siku 365 bila kulala katika hoteli zake. IHG hutoa miezi 12 kwa asiye na daraja. Marriott, Hilton na Hyatt hutoa miezi 24 bila shughuli yoyote kwenye akaunti. Anayesafiri mara moja kwa mwaka aangalie tarehe hizo kabla hajaanza kujilimbikizia.

Jina mlangoni hubadilika

Hoteli nyingi si mali ya kampuni ambayo jina lake limeandikwa mlangoni. Mwenye jengo huingia mkataba, na mkataba ukiisha jina hubadilika. Radisson Blu ya Deira Creek ilifunguliwa mwaka 1975 ikiitwa InterContinental. Dar es Salaam, hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa upya mwaka 2005 chini ya Kempinski na baadaye ikawa Hyatt Regency. Nairobi, InterContinental ilifungwa mwaka 2020, na Hilton ya katikati ya jiji, iliyofunguliwa mwaka 1969, ilifunga milango mwishoni mwa 2022.

Pointi zilizopatikana hubaki kwenye kampuni, haziendi na jengo. Aliyekusanya pointi za Hilton kwa kulala katikati ya Nairobi bado anaweza kuzitumia Dubai. Lakini aliyejiunga na mpango kwa ajili ya hoteli moja tu anaweza kuamka akakuta hoteli hiyo ni ya wengine. Kwa sababu hiyo ni salama zaidi kuchagua kampuni yenye hoteli katika miji yote ya njia ya biashara. Marriott, kwa mfano, ilinunua hoteli za Protea mwaka 2014, na aliyelala Protea ya Entebbe huweza kutumia pointi zake Dubai.

Kuhusu usalama, mwezi Novemba 2018 Marriott ilitangaza kwamba wadukuzi waliingia katika kumbukumbu za wageni wa hoteli za Starwood, ambazo iliinunua mwaka 2016. Namba za pasipoti zilikuwa miongoni mwa taarifa zilizochukuliwa. Akaunti ya pointi ilindwe kwa neno la siri lake pekee, lisilotumika kwenye barua pepe wala benki.

Kabla ya kulipa

Mfanyabiashara anashauriwa ajibu maswali haya kwa kalamu na karatasi:

1. Maduka anayoyaendea yako mtaa gani, na teksi ya mizigo itagharimu kiasi gani?
2. Bei ya usiku wote pamoja na kodi ni kiasi gani kwa kila hoteli?
3. Pointi atakazopata zina thamani ya fedha kiasi gani?
4. Njia anayowekea nafasi inaingiza pointi?
5. Amana ni kiasi gani, na inarudi lini?
6. Ndege inaondoka saa ngapi, na mizigo itakaa wapi hadi saa hiyo?

Jibu la swali la tatu likizidi tofauti ya bei, achukue hoteli ya uanachama bila wasiwasi. Lisipozidi, aende kwenye ile ya bei nafuu iliyo karibu na soko, na fedha iliyobaki aiongeze kwenye mzigo.