PESA ISIYODAIWA INA MWENYEWE

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu yangu katika imani, marehemu mzazi wako aliacha bahasha au sanduku la makaratasi. Je, umelipekua lote? Au ulitoa hati ya kiwanja tu, mengine ukayafunga na kuyatupia juu ya kabati? Nakuuliza kwa sababu humo huenda mna cheki ya zamani ambayo haikupelekwa benki. Cheki ile ni haki ya mtu. Tuanze na historia, utanielewa.

KARIAKOO

Ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, au Kariokor, Nairobi, unatamka jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1915, katika koloni ambalo leo ni Kenya, ilipitishwa sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu, kwa ujira usiozidi rupia 5 kwa mwezi. Walikufa makumi ya maelfu. Malaria, kuhara damu na njaa viliua wengi kuliko risasi.

Sasa zingatia: waliokufa walikuwa wanadai mishahara. Vita vikaisha, pesa ikabaki bila mdai. Kwa nini? Majina yaliandikwa ovyo, wengi walifanana majina, vijiji vyao havikujulikana. Mjane kule kijijini hata hakujua kwamba kuna kitu cha kudai. Maafisa wawili wa serikali ileile, John Ainsworth na Oscar Watkins aliyekuwa mkuu wa wapagazi, walipendekeza pesa hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika. Wakubwa wao wa London hawakukubali. Mwaka 1927 ikasimamishwa sanamu ya askari pale katikati ya Dar es Salaam. Marehemu wakapata ukumbusho, yatima wao hawakupata ujira.

MIAKA MINNE YA KUNADI

Rudi nyuma mpaka mwaka 36 Hijria. Zubayr ibn al-Awwam, radhi za Allah ziwe juu yake, ameuawa katika siku za Vita vya Ngamia. Watu walikuwa wakimletea amana zao, naye akisema: hapana, hii iwe deni juu yangu. Alichelea ikipotea, mwenyewe atakosa haki yake. Mwanawe Abdullah alipofanya hesabu, alikuta deni la 2,200,000. Akauza ardhi ya al-Ghaba, iliyonunuliwa kwa 170,000, ikafikia 1,600,000. Akalipa madeni yote.

Warithi wakamwambia: tugawie urithi wetu. Akakataa! Miaka minne, kila msimu wa Hija, akanadi mbele ya mahujaji: mwenye kumdai Zubayr na aje tumlipe. Miaka minne ilipopita bila mdai mwingine, ndipo akagawa. Kisa hiki kimo katika Sahih al-Bukhari.

Umeona tofauti? Wale walikuwa na daftari, makarani na ofisi kila wilaya, na ujira haukufika. Huyu hakuwa na gazeti wala redio. Alikuwa na sauti yake na hofu ya Allah. Na wala hakusubiri adaiwe, bali alimtafuta anayedai.

WEWE UFANYE NINI?

1. Pekua makaratasi ya marehemu wako: vitabu vya benki, vyeti vya hisa, bima, kadi za mfuko wa hifadhi ya jamii, cheki. Ukikuta cheki iliyopita miezi sita, benki kwa kawaida itaikataa, lakini usiichane. Kupitwa kwa cheki hakufuti deni. Nenda kwa aliyeitoa umwombe akupe nyingine.

2. Kama uko Kenya, iko mamlaka ya serikali ya mali za kifedha zisizodaiwa, UFAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Benki, kampuni za bima, za hisa na za simu hupeleka huko pesa ambazo wenyewe wametoweka. Kutafuta jina ni bure. Kwingineko, anza na benki yenyewe au mwajiri wa marehemu. Na jihadhari na anayekupigia simu akitaka "ada" kwanza ndipo akutolee pesa. Huyo ni mwizi.

3. Ukiipata, si yako peke yako kwa kuwa wewe ndiye uliyefungua sanduku. Ni mali ya mirathi: madeni ya marehemu kwanza, kisha wasia, kisha warithi wote. Dada yako aliyeolewa mbali ana fungu lake. Mpigie simu leo.

4. Na wewe mwajiri, mweka hazina wa chama, msimamizi wa msikiti: kibarua aliyeondoka bila kulipwa hajakusamehe. Mkumbuke yule mtu katika hadithi ya watu watatu wa pangoni. Kibarua wake aliuacha ujira akaenda zake, naye akauzalisha mpaka ukawa mifugo tele. Mwenyewe aliporudi akakabidhiwa yote. Kwa amali hiyo alimwomba Mola wake, na jiwe likasogea.

Ndugu yangu, kesho Akhera hakuna pesa isiyodaiwa. Kila mwenye haki atasimama na jina lake, hata yule ambaye karani aliliandika vibaya.

Allah atuwezeshe kurudisha haki za watu kabla hatujaondoka. Amin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.