Dakika za Modemu

Mwaka 1988, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza kufundisha DT200, kozi ya utangulizi wa teknolojia ya habari. Wanafunzi zaidi ya 1,000 walisoma wakiwa nyumbani, kwa kompyuta na modemu, wakijadiliana na walimu kupitia CoSy, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Tovuti hazikuwepo bado. Modemu ilipiga simu ya mezani, bili ikahesabu dakika, na nyumba nzima ikangoja simu iachiwe.

Wengi walisoma michango ya wenzao bila kuandika yao. Ni rahisi kuuita ukimya huo woga, au uvivu. Mimi ninayesoma chuo kwa bando la wiki nauelewa vingine: kufikiri ukiwa hewani kulikuwa na bei. Anayelipiwa simu na mwajiri na anayejilipia mwenyewe hawakuwa darasa moja, hata majina yao yalipofuatana kwenye skrini. Na athari za teknolojia kwa jamii zilikuwa sehemu ya mtaala wa kozi hiyohiyo! Vitabu vyake vililetwa na posta. Bili ya simu pia.