Aina za Mpira wa Wavu na Suala la Ardhi: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Mvumi, Dodoma

Historia ya mpira wa wavu huandikwa kana kwamba ni historia ya ukumbi. William G. Morgan aliubuni mchezo huu mwaka 1895 mjini Holyoke, Massachusetts, ndani ya jengo la mazoezi la YMCA, kwa ajili ya wanaume wa makamo ambao mpira wa kikapu uliwachosha mno. Wavu wake ulikuwa na kimo cha takribani mita 1.98, na idadi ya wachezaji haikuwekewa kikomo. Wachezaji sita kila upande, uwanja wa mita 18 kwa 9, wavu wa mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake, hayo yote yalikuja baadaye; na seti za pointi 25, ambamo kila mpira unaokufa huzaa pointi, zilienea mwishoni mwa miaka ya 1990 tu. Kwa hiyo mpira wa wavu unaoitwa leo wa kawaida ni aina mojawapo iliyozishinda nyingine, wala si asili ya mchezo wenyewe.

Mvumi, wilayani Chamwino, ardhi ni ya namna nyingine. Nchi ya Wagogo ni kame. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na mito hubaki makorongo ya mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mmomonyoko ulikithiri hata mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), ulioanzishwa mwaka 1973, ukaondoa mifugo Mvumi katika miaka ya 1980. Mchezo wa sakafu ya mbao, ukiletwa katika ardhi hiyo, hukutana na vumbi, jua na upepo, mambo ambayo kanuni za ukumbini hazikutungwa kwa kuyazingatia.

Aina ya ufukweni imeyazingatia. Wachezaji ni wawili kila upande, uwanja ni mita 16 kwa 8, na timu hubadilishana pande kila jumla ya pointi inapofikia mafungu ya saba, ili jua na upepo visimwelemee mmoja. Seti mbili za kwanza ni za pointi 21, ya tatu ni ya 15. Mpira ukizuiwa wavuni, mguso huo huhesabiwa kuwa wa kwanza kati ya mitatu, ukumbini hauhesabiwi. Jina lake, hata hivyo, linapotosha: kinachohitajika ni mchanga, si bahari. Mashindano yake ya kwanza ya Olimpiki, mwaka 1996, yalikuwa ya Atlanta, mji ulio mbali na pwani. Kwa kigezo hicho korongo la Mvumi lina sifa zaidi ya kumbi nyingi.

Suala gumu zaidi ni la wachezaji wenyewe. Shule ya sekondari ya Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika iliyopo Mvumi hupokea pia wanafunzi wenye ulemavu, wakiwamo wasioona. Mpira wa wavu wa kukaa ulianzia Uholanzi mwaka 1956, ukaingia Paralimpiki mwaka 1980 huko Arnhem, na kwa wanawake mwaka 2004. Uwanja ni mita 10 kwa 6, wavu mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Mchezaji anapougusa mpira, sehemu ya kiwiliwili chake, kuanzia mabega hadi makalio, sharti iwe imegusa sakafu. Na tofauti na ukumbini, mpira wa kuanzia huweza kuzuiwa wavuni. Timu ya wanawake ya Rwanda ilifika Paralimpiki ya Rio mwaka 2016, jambo linaloonyesha kuwa aina hii si anasa ya Ulaya.

Lakini dai kwamba ni mchezo nafuu lahitaji tahadhari. Wachezaji husogea kwa mikono na makalio. Changarawe na miiba huwachubua, na mchanga unaomfaa mrukaji humkwamisha aliyekaa. Aina inayoafikiana zaidi na ardhi ya Mvumi ndiyo isiyowafaa wanafunzi hao. Wasioona, kwa upande wao, hawasaidiwi na yoyote kati ya hizi, kwa kuwa mpira wake hauna sauti; mchezo wao wa mpira wenye kengele, uliobuniwa mwaka 1946, una ukoo mwingine kabisa. Kwa wale wanaoweza kucheza wakiwa wamekaa, kinachokosekana ni sakafu: ya saruji laini, mita za mraba 60 ndani ya mistari, ilhali uwanja wa wachezaji wanaosimama ni mita za mraba 162.