Siku 100 Bila Kucheka: Historia ya Mdomo Tuliouita wa Sungura

Leo sina stori ya vita wala ya wafalme. Leo ni stori ya mdomo, na naanza na kosa langu kabla nifike kwa makosa ya dunia.

Darasa la 5 nilikaa dawati moja na kijana aliyezaliwa na mpasuko kwenye mdomo wa juu. Alikuwa ameshonwa akiwa mdogo, lakini alama ilibaki, na sauti yake ilikuwa inapitia puani. Tulimuita Sungura. Mimi ndiye nilijua kumuiga kuliko wote, darasa zima linavunjika mbavu. Muhula wa pili akaacha kuinua mkono. Muhula wa tatu hakurudi. Hakuna mtu aliuliza ameenda wapi. Hata mimi sikuuliza.

Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sijaacha. Na hii mada nimekuwa nikiisoma usiku kama mtu mwenye deni.

Kwanza tuelewe vile mambo yako. Uso wa mtoto hauji ukiwa kitu kimoja. Unaanza kama vipande vinavyokua kutoka pande mbili na kukutana katikati. Mdomo hufungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba. Kaakaa, yaani ile dari ya kinywa, hufungana kati ya wiki ya 6 na ya 9. Wakati huo wamama wengine hata hawajajua kama wana mimba. Vipande visipokutana, mpasuko unabaki. Duniani inakadiriwa ni mtoto 1 hivi kati ya kila 700.

Sababu ni mchanganyiko: jeni za familia, sigara, kisukari ambacho mama alikuwa nacho kabla ya mimba, dawa fulani za kifafa. Mara nyingi hakuna sababu moja unayoweza kunyooshea kidole. Kwa hivyo wacha tumalize hii stori ya laana, ama ati mama alimcheka mtu akiwa mjamzito. Mama hajakosea kitu.

Hilo jina la sungura nalo halikuzaliwa kwa mtaa wetu. Wachina wa kale walitumia mfano huohuo. Ufaransa, karne ya 16, daktari Ambroise Paré aliuita mdomo wa sungura, na Waingereza pia wakawa na neno kama hilo. Yaani watu ambao hawajawahi kuonana walimwangalia mtoto wakaona mnyama yuleyule. Ukifikiria vizuri, inauma.

Lakini Paré hakuishia kwa kutoa jina. Huyu jamaa alianza kazi kama kinyozi mpasuaji, hakupitia chuo kikuu. Alichoma sindano kupitia kingo mbili za mdomo, kisha akazungusha uzi kwenye hiyo sindano kwa umbo la nambari 8 mpaka nyama ishikane. Watu walitumia njia hiyo kwa muda mrefu sana.

Turudi nyuma zaidi. China, mwisho wa karne ya 4. Kijana anaitwa Wei Yongzhi, miaka 18, familia maskini, mdomo umepasuka tangu kuzaliwa. Anasikia kuna daktari kwa gavana fulani anayeweza kuushona. Anafunga safari. Daktari anamwambia inawezekana, lakini kwa siku 100 atakunywa uji tu, na asiongee wala asicheke. Jibu la Wei, kwa maneno yangu: hata ningeambiwa ninyamaze nusu ya maisha, bado ningebaki na nusu nyingine, sembuse siku 100? Akashonwa, akapona. Baadaye akapanda cheo mpaka akawa gavana wa Jingzhou.

Hiyo ni miaka kama 1,600 iliyopita, buda.

Kaakaa ndiyo ilisumbua zaidi, kwa sababu iko ndani kabisa na mgonjwa lazima avumilie mdomo ukiwa wazi. Mwaka wa 1819, mwanafunzi wa udaktari kutoka Montreal, John Stephenson, alikuwa Paris. Alizaliwa na mpasuko wa kaakaa, na sauti yake ilikuwa kama ya yule wa dawati langu. Daktari Philibert Roux akamshona. Kumbuka dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani mwaka wa 1846. Kwa hivyo Stephenson aliketi macho wazi, akihisi kila sindano.

Alipona na matamshi yake yakawa bora. Mwaka uliofuata aliandika tasnifu yake Edinburgh, na mada ilikuwa kaakaa yake mwenyewe. Akarudi Montreal, na mwaka wa 1823 yeye na wenzake wakaanzisha shule ya udaktari ambayo baadaye ikawa kitivo cha kwanza cha Chuo Kikuu cha McGill. Yule ambaye pengine darasa letu lingemuiga akasimama mbele ya darasa akafundisha.

Halafu miaka ya 1950, daktari Mmarekani Ralph Millard akiwa na jeshi Korea alibuni njia ya kushona mdomo ambayo bado inatumika sana. Wazo lake lilinigusa: kwa watoto wengi nyama haijakosekana, imekaa tu mahali si pake. Kazi ya daktari ni kuizungusha irudi kwao.

Leo mdomo hushonwa mtoto akiwa na miezi michache, na kaakaa mara nyingi kabla ya mwaka mmoja na nusu. Hapa Kenya kuna mashirika kama Smile Train yanayolipia upasuaji huo. Lakini kushona si mwisho. Mtoto anaweza kushonwa poa na bado aongee puani, kwa hivyo anahitaji pia mtaalamu wa matamshi, na masikio yake yaangaliwe. Kama kuna mtoto amefichwa kwenu ushago juu ya aibu, mpigie shosho simu leo. Hata kama mtoto ameshakuwa mkubwa, bado anaweza kusaidiwa.

Maoni yangu ni haya. Kushona tumejua kwa miaka 1,600. Kitu hatujajifunza ni kufunga midomo yetu wenyewe, sisi ambao tulizaliwa ikiwa mizima. Hakuna daktari wa hiyo.

Wei aliambiwa asicheke siku 100 ndiyo apone. Mimi ningenyamaza tu dakika 35 za somo moja, labda jamaa angeinua mkono tena.

Ndugu yangu wa dawati la darasa la 5, kama hii itakufikia: ulikuwa na jina zuri, nalikumbuka, na sikuwahi kukuita nalo. Pole.

Na wewe unayesoma, ulimuita nani Sungura?